Kava la Kishikwambi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kulitumia na Kulirekebisha

Majibu haya yanahusu makava ya kukinga kishikwambi kisivunjike, si yale membamba ya kupendezesha. Tunaanza na matumizi ya kila siku, kisha tunaingia kwenye kukata, kutoboa, kubandika na kufunga. Ukiwa tayari umeshika kisu, ruka moja kwa moja hadi swali la sehemu zisizokatwa. Usilipite hilo.

Kava linakikinga vipi kishikwambi?

Linakipa nafasi ya kusimama. Kitu kilichoanguka kutoka urefu wa mita 1 hutua sakafuni kikiwa na kasi ya karibu mita 4.4 kwa sekunde, na kasi hiyo yote lazima iishie mahali. Kishikwambi kisicho na kava husimama ndani ya umbali wa milimita moja hivi, kwa kuwa kioo na bati havibonyei. Mpira wa kona ukibonyea milimita 5, umbali wa kusimama umekuwa mara tano, na kishindo kimepungua mara tano. Chukua kishikwambi cha gramu 500. Kusimama ndani ya milimita 1 ni kama kutwishwa mzigo wa kilo 500 kwa kufumba na kufumbua, lakini ndani ya milimita 5 ni kilo 100. Hiyo ni hesabu ya wastani tu, ila inatosha kuonyesha jambo lenyewe: thamani ya kava imo kwenye milimita chache za mpira unaobonyea. Ukizila hizo kwa kisu au kwa gundi iliyokauka ikawa ngumu, umebakiwa na pambo.

Mbona kona zimevimba kuliko sehemu nyingine?

Kwa sababu kishikwambi ni nadra kuanguka kikalala bapa. Hutangulia kona, na kishindo chote kinakusanyika kwenye eneo dogo kuliko ukucha, palepale ambapo kioo ni dhaifu zaidi: ukingoni. Kava lenye nafasi tupu au vishimo ndani ya kona halikutengenezwa kwa uvivu. Ile hewa ndiyo inayoupa mpira mahali pa kubonyea, kwa hiyo usiijaze kitu.

Nichague kava gumu au laini?

Bora ni lenye vyote viwili: ganda gumu la polikaboneti nje, mpira wa silikoni au TPU ndani. Gumu husambaza kishindo na kuzuia kishikwambi kisipinde, laini hukimeza. Kava gumu tupu huzuia mikwaruzo lakini hupitisha kishindo karibu chote. Silikoni tupu humeza vizuri, ila hunyumbuka mno. Kishikwambi kikubwa kinaweza kuchomoka ndani yake kikiwa bado hewani. Kwa mtoto mdogo, yale ya povu nene la EVA yenye mpini ni mazuri kwa sababu ni mepesi, na wepesi wenyewe ni kinga.

Kitu kimoja cha kukagua kwa macho: lilaze kava kifudifudi mezani likiwa na kishikwambi ndani. Ukingo wa mbele unatakiwa kukiinua kioo kisiguse meza. Kama kioo kinagusa, kokoto moja tu inatosha kukipasua.

“Limepimwa kwa kiwango cha kijeshi” maana yake nini?

Mara nyingi kinachotajwa ni MIL-STD-810, waraka wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani unaoeleza namna ya kupima vifaa. Kipimo chake maarufu cha kuangusha kina maanguko 26 kutoka sentimita 122: mara moja kwa kila uso, kila ukingo na kila kona, yaani 6, 12 na 8. Mara nyingi mahali pa kuangukia ni mbao ya plywood iliyowekwa juu ya zege, na mtengenezaji anaruhusiwa kuyagawa maanguko hayo kwa vifaa hadi vitano. Hakuna ofisi inayokagua na kugonga muhuri. Mtengenezaji hujipima mwenyewe au hulipa maabara. Basi maneno hayo si uongo, ila si dhamana ya kishikwambi kinachotua kwenye lami yenye kokoto. Mimi huangalia unene wa kona kwanza, maandishi baadaye.

Kava langu linazuia maji?

Tafuta herufi IP zenye tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP67 maana yake vumbi haliingii kabisa, na kifaa kinahimili kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30. IP54 ni ya kurushiwa maji tu. Palipo na herufi X badala ya tarakimu, upande huo haukupimwa. Kava lisilo na alama hiyo lihesabu kuwa haliwezi maji, hata kama lina vizibo vya mpira kila tundu.

Na ukishalitoboa kava la kuzuia maji, habari ya maji imekwisha. Hakuna gundi ya nyumbani itakayolirudisha lilivyokuwa.

Kishikwambi kinapata moto ndani ya kava. Ni kawaida?

Uvuguvugu wakati wa kuchaji au kucheza video kwa muda mrefu ni kawaida, kwa kuwa kava nene ni blanketi. Joto ambalo mkono haulivumilii si kawaida. Kitoe kwenye kava unapokichaji, kiweke mahali pagumu penye hewa wala si kitandani. Apple, kwa mfano, inaelekeza iPad itumike penye nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi, na gari lililofungwa juani hupita hapo upesi sana.

Kuna dalili moja ambayo sitaki uipuuze. Kava lililokuwa likifunga vizuri likianza kugoma kufunga, au kioo kikionekana kuinuka upande mmoja, betri huenda imevimba. Acha kuchaji, kizime, kitoe kwenye kava bila kukibana wala kukipinda, kipeleke kwa fundi. Usilibane kava kwa nguvu wala usilifunge kwa mpira ili lishike.

Kifuniko hakizimi wala kuwasha kioo kama zamani.

Ndani ya kifuniko mna sumaku ndogo, na ndani ya kishikwambi mna kihisi kinachoitambua. Utaratibu huu ulienea baada ya iPad 2 ya mwaka 2011. Kikigoma, sababu huwa tatu: mpangilio umezimwa kwenye mipangilio ya kioo, sumaku imesogea au imetoka, au kifuniko hakikai tena mahali pake. Chukua sumaku ndogo uipitishe taratibu ukingoni mwa kioo. Kikizima, kihisi ni kizima na tatizo liko kwenye kava. Kinyume chake pia hutokea: kioo kinazima chenyewe ukikunja kifuniko nyuma, kwa kuwa sumaku imefika mahali pa kihisi ikitokea upande wa pili.

Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani asikiegemeze kishikwambi wala kava la sumaku kifuani. Mwongozo wa Apple unataja umbali wa zaidi ya sentimita 15.

Mguso ni mzito tangu nivalishe kava.

Kama kava lina karatasi ya plastiki iliyoshonwa mbele, kuna hewa kati yake na kioo. Watu wengi huikata na kuitoa, kisha hubandika protekta ya kioo moja kwa moja. Ni rekebisho zuri, mradi ukate ile karatasi tu bila kugusa ukingo unaoishikilia. Pima kwanza: protekta kubwa mno itasukumwa na ukingo wa kava na kubanduka kona moja baada ya nyingine.

Nilisafishe na nini?

Litoe kwanza. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, mswaki laini kwenye pembe, kisha likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Usitumie asetoni wala petroli: polikaboneti hupata nyufa ndogo ndogo ambazo huzioni siku hiyo, utaziona siku ya kuanguka. Mchanga ulionasa kati ya kava na kishikwambi hufanya kazi ya msasa, kwa hiyo kuosha ni sehemu ya kinga. Kava la uwazi la TPU lililogeuka manjano halirudi. Ni mwanga na joto vimelibadili, si uchafu.

Sehemu zipi hazikatwi kabisa?

Hapa ndipo ningeomba usome polepole.

Kona nne zote, hadi sentimita 3 hivi kila upande. Ukingo wa mbele ulioinuka kuzunguka kioo. Vikucha au mabano yanayounganisha ganda la mbele na la nyuma, kwa sababu kikikatika kimoja, kava hufunguka likigonga sakafu, na kishikwambi huruka nje kikiwa kitupu. Sehemu iliyobaki, yaani katikati ya mgongo na katikati ya kingo ndefu, ni uwanja wako.

Sheria nyingine haina msamaha: usikate wala kutoboa kava likiwa limevalishwa kishikwambi. Hata kidogo. Hata kwa “kugusa tu.” Betri ya lithiamu huchukua sehemu kubwa ya mgongo wa kishikwambi, na ncha ikiitoboa inaweza kuwaka moto palepale.

Tundu la chaji ni dogo, waya wangu hauingii. Nilipanue vipi?

Jaribu kwanza waya wenye kichwa chembamba. Kama lazima ukate, weka alama waya ukiwa umeshikwa karibu na tundu, kisha ongeza milimita 1 kila upande, si zaidi.

Kwenye mpira, wembe mpya wa kisu cha kukatia karatasi ndiyo kifaa. Kata kwa kupitisha mara nyingi kwa wepesi; ukikandamiza, mpira hujivuta na mkato hupinda. Tupa na msasa havifai kwenye TPU na silikoni, vinachana tu. Kwenye silikoni, tundu la duara hutoka safi ukitumia kitobozi cha ngozi juu ya kipande cha mbao.

Kwenye polikaboneti, toboa kwa keekee kwa mwendo wa polepole, anza na ncha nyembamba ukipanda hatua kwa hatua, na chini pawe na mbao iliyobana vizuri. Mwendo wa kasi huyeyusha plastiki badala ya kuikata. Halafu jambo ambalo wengi huliacha: pembe za tundu ziwe za mviringo. Pembe kali ndiyo inayoanzisha ufa. Kama unataka tundu la mstatili, toboa duara dogo kila pembe, kisha unganisha maduara hayo kwa msumeno mwembamba, malizia kwa msasa laini hadi ukingo uteleze kidoleni.

Picha zinatoka na ukungu mweupe. Ni kava?

Huenda. Kava la uwazi au jeupe hurudisha mwanga wa taa ya kamera ndani ya lenzi. Piga picha bila kava ulinganishe. Ikiwa ndilo, panua tundu kidogo kwa kuinamisha wembe nje, kama mdomo wa faneli, au paka ukingo wa tundu kalamu nyeusi isiyofutika.

Gundi ipi inashika?

Inategemea plastiki, na hapa makosa ni mengi. Silikoni haishikwi na supaglu wala epoksi. Inashikana na gundi ya silikoni pekee. Gundi ya silikoni yenye harufu ya siki hutoa asidi ikikauka, basi iache saa 24 au zaidi, hadi harufu iishe, ndipo ukirudishe kishikwambi. Povu la EVA hushikwa vyema na gundi ya viatu: paka pande zote mbili, subiri zikauke hadi zisinate kidoleni, kisha gandamiza. Polikaboneti hukubali epoksi baada ya kukwaruzwa na msasa na kufutwa kwa spiriti.

Supaglu ina mambo mawili. Mvuke wake huacha utando mweupe kwenye vioo, hasa lenzi ya kamera. Na ikidondokea kitambaa cha pamba kwa wingi hupata joto la kuunguza; usiipanguse kwa pamba ukiwa umeishika mkononi.

Gundi ya kufungia skrubu zisilegee ni adui wa polikaboneti. Huipasua. Tumia nati yenye pete ya nailoni ndani yake.

Nataka kuongeza mkanda wa mkono mgongoni.

Ni rekebisho ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linazuia kuanguka kwenyewe. Mtu anayesimama na kishikwambi kazini kutwa nzima, kidole gumba hulegea bila yeye kujua.

Kata vipenyo viwili virefu mgongoni, mbali na kona, vyenye ncha za mviringo. Pitisha mkanda bapa wa nailoni, ncha zake zikunjwe nje na kushonwa au kufungwa kwa velkro. Kwa ndani mkanda ulale tambarare bila fundo wala kifungo cha chuma, maana chochote kinachochomoza ndani kitakandamiza betri kila siku. Funika sehemu ya ndani kwa kitambaa laini chembamba. Kisha vuta mkanda kwa nguvu, kishikwambi kikiwa hakimo, ukiangalia kama plastiki inapauka kwenye ncha za vipenyo. Rangi nyeupe pale ni ufa unaoanza.

Naweza kukifunga ukutani, kwenye stendi au kwenye kiti cha magurudumu?

Ndiyo, na ni heri ufuate vipimo vilivyozoeleka ili stendi ibadilike bila kutoboa upya. Vile vya VESA, kiwango cha kufungia skrini ukutani au kwenye stendi, ni matundu manne ya mraba wa milimita 75 kwa 75 au 100 kwa 100, skrubu za M4, yaani za unene wa milimita 4. Mpangilio mdogo uitwao AMPS ni milimita 30.2 kwa 38.1, na unatumika sana kwenye stendi za magari.

Skrubu iingizwe ikitokea ndani, kichwa chake kikiwa bapa na kimezama kwenye plastiki, nati iwe nje. Ncha ya skrubu isielekee kishikwambi kamwe. Mtetemo huisogeza skrubu, na siku moja ncha itafika. Tumia washa pana, ile pete bapa ya skrubu, ili mzigo usikusanyike kwenye tundu moja. Bati kubwa la chuma mgongoni huweza kudhoofisha Wi-Fi na GPS na kuzuia kuchaji bila waya, kwa hiyo kama unahitaji bati la kushika sumaku, liwe dogo na mbali na kingo.

Kishikwambi ni cha mtu anayekitumia kuzungumza. Kuna la ziada?

Lipo, na ndilo swali ninalolijibu kwa moyo wote. Mtu asiyeweza kutamka anayegusa picha au maneno ili kishikwambi kimsemee, spika ndiyo sauti yake. Kava likiziba spika, umemshusha sauti. Kaa hatua chache mbele yake, chumba kikiwa na watu, usikilize kava likiwa limevaliwa na likiwa limetolewa. Tofauti ikisikika, panua matundu ya spika, na mara nyingi ukingo wa mpira uliopinduka ndani ndio unaoziba.

Mwenye mkono unaotetemeka husaidiwa na bamba la plastiki lenye matundu linalokaa juu ya kioo, kila tundu juu ya kitufe kimoja, ili kidole kipumzike juu ya bamba bila kugusa kingine. Bamba hilo lazima lipimwe kavani, si kwenye kioo kitupu, kwa kuwa ukingo wa kava ndio unaolishikilia lisicheze. Pia lipimwe programu ikiwa imefunguliwa kwa ukubwa anaoutumia yeye. Vitufe vikiongezwa safu moja, matundu yote yamepotea.

Halafu muulize yeye. Mkanda upande upi, stendi imwinamie kiasi gani, rangi ipi. Kuna fundi aliyefunga stendi mahali palipompendeza yeye, mwenye kishikwambi akabaki haoni kioo kwa mwako wa dirisha, na chombo cha kulalamikia kilikuwa hicho hicho asichokiona.

Nichapishe kipande kwa printa ya 3D?

Unaweza, ukichagua malighafi vizuri. PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizo, huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi, kwa hiyo kishikio cha PLA kilichoachwa kwenye gari juani hupinda. PETG, plastiki nyingine ya printa, huvumilia hadi karibu 80. Kwa sehemu za kumeza kishindo, TPU. Panga tabaka za uchapaji zisiwe sambamba na mahali pa kuvunjikia: kikucha kilichochapwa kikiwa kimesimama hukatika kama biskuti.

Kava la kishikwambi kingine chenye inchi zilezile litanitosha?

Inchi ni urefu wa kioo kutoka pembe hadi pembe, hazisemi lolote kuhusu unene, kamera wala vitufe. Linganisha namba ya modeli iliyoandikwa mgongoni au kwenye mipangilio. Kujaza nafasi kwa povu ni jambo la dharura tu. Kishikwambi kinachocheza ndani ya kava hupigwa mara mbili, na sakafu, kisha na kava.

Lini nilitupe kava?

Likipata ufa kwenye kona, mpira ukilegea hadi hauukumbatii tena ukingo, au kikucha kimoja kikikatika. Baada ya anguko kubwa lifungue ulikague kwa ndani ukitumia taa, maana nje huenda pasiwe na alama. Lililokufa usilitupe lote: mkanda, kishikio na sumaku hutumika tena, na mgongo wake ni mahali pazuri pa kufanyia majaribio ya kutoboa kabla hujagusa jipya.